Ukigongwa na Gari, Usiyamalize Barabarani

Mara kwa mara tunapokea wodini watu waliogongwa na gari au pikipiki wakiwa wanatembea kwa miguu. Si ajabu ndugu wa mgonjwa akatuambia, "Sista, mambo haya tumeshayamaliza." Maana yake dereva ametoa shilingi elfu hamsini, karatasi imetiwa sahihi, gari limekwenda zake. Sisi tunautazama mguu uliovimba, tunajiuliza ni nani aliyeupima pale barabarani.

Mwili hausemi yote siku ile ile. Aliyeumia kichwa anaweza kuinuka, akaongea vizuri na kula, kisha baada ya saa chache akaanza kutapika na kusinzia, kwa sababu damu inavuja ndani ya fuvu. Kwa wazee dalili huweza kuchelewa hata wiki kadhaa. Mtoto ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mifupa yake hurefuka karibu na ncha zake, na sehemu hiyo ikiumia, mguu huweza kuunga vizuri, plasta ikatolewa, wote tukafurahi. Baada ya mwaka mmoja au miwili mama anaona mtoto anachechemea: mguu mmoja umebaki mfupi. Ile elfu hamsini iliishia kwenye dawa za maumivu.

Sheria ya nchi yetu, Tanzania, haikumsahau mtu huyu. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka chombo cha moto kinachotumika barabarani, bodaboda nayo, kiwe na bima kwa ajili ya watu wengine kitakaowadhuru. Mwenda kwa miguu ni mmoja wao, ingawa hakuchangia hata senti. Lakini halipwi hivi hivi tu. Lazima ithibitike kwamba dereva alikosea. Na kama mgongwa naye alikosea, pengine alivuka bila kuangalia, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Kwa hiyo msinyamazishwe kwa maneno "ulivuka vibaya, huna haki." Akifariki, mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea wanaweza kudai.

Faini anayotozwa dereva mahakamani huenda serikalini. Wengi hukaa wakiingoja wakidhani ndiyo fidia! Fidia hudaiwa kwa shauri la madai, na muda wake ni miaka 3. Kwa mtoto, muda huo huanza kuhesabiwa anapofikisha miaka 18, na kabla ya hapo mzazi anaweza kudai kwa niaba yake. Afadhali afanye hivyo mapema. Mashahidi huhama.

Aliyeumia sana aletwe hospitali kwanza, na ndugu mmoja aende polisi kuchukua fomu ya PF3. Andikeni namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Daktari anapojaza fomu, mwambieni kila kinachouma, hata jino lililolegea, hata sikio linalovuma. Rudini siku mliyopangiwa, maana yanayojitokeza baadaye nayo yanatakiwa kuandikwa. Tunzeni kadi, risiti za dawa na tiketi za nauli. Picha za eksirei msizikunje, wala msiwape watoto wachezee. Tumeziona zimegeuzwa kuwa vifuniko vya mtungi.

Dereva akitaka kusaidia, pokeeni kwa shukrani, ila iandikwe kwamba ni msaada wa matibabu. Mgonjwa asitie sahihi maneno "nimeridhika, sitadai tena" wakati bado yuko kitandani na daktari hajasema amepona au amebaki na ulemavu gani. Aliyekwisha kutia sahihi asikate tamaa. Aipeleke karatasi hiyo kwa wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yao ni bure, na ofisi ya ustawi wa jamii wilayani inaweza kumwelekeza walipo.