Kidonda cha jicho: kinachofanana na kuvu huenda kisiwe kuvu

Wafanyakazi wa mashamba ya majani chai huko Kericho na Bomet wanaujua vyema uchungu wa kijiti kinachoruka na kuingia jichoni, hasa wakati wa kupogoa michai, vipande vya matawi vinaporushwa na panga. Aghalabu jicho hutoa machozi siku moja au mbili kisha likapoa. Lakini wakati mwingine uchungu huzidi, mwangaza ukawa adha, na doa jeupe likajitokeza juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Likifika hapo, jicho limo hatarini.

Sehemu inayoshambuliwa ni konea, ule utando angavu ulio mbele ya jicho kama kioo cha saa. Konea haina mishipa ya damu. Hiyo ndiyo sababu inapitisha mwanga, na ndiyo sababu pia inachelewa kupambana na viini vikiingia. Ikikwaruzwa na mti, kuvu wanaoishi kwenye mimea na udongo, kama vile Fusarium na Aspergillus, hupata mlango. Uchunguzi uliofanywa Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, ulionyesha kuwa kuvu ndio kisababishi kikubwa cha vidonda hivi kuliko bakteria, na kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wametumia dawa za kienyeji.

Sasa kuna kiumbe mwingine anayewachezea shere hata madaktari. Jina lake ni Pythium insidiosum. Ukimtazama kwa hadubini utaapa kuwa ni kuvu, kwa maana ana nyuzi ndefu zilizotambaa vivyo hivyo. Hata hivyo si kuvu. Ukoo wake unakaribiana na ule wa mwani, na mkulima wa viazi wa Bomet anamjua jamaa yake, yule anayekausha majani ya viazi mvua inapozidi na ambaye kuanzia 1845 alileta njaa kuu nchini Ireland. Pythium hukaa katika maji yaliyotuama na matope, akitoa mbegu ndogo zinazoogelea kwa mikia miwili. Ripoti nyingi za ugonjwa wake machoni zimetoka India na Thailand. Anapenda maji yenye joto, kwa hivyo kwenye baridi ya Kericho daktari atashuku kuvu wa kawaida kwanza, na atakuwa na haki. Wanaovaa lenzi za machoni nao wajihadhari: kuziosha kwa maji ya mfereji au kuogelea nazo ni kumkaribisha mgeni huyu na wengine kama yeye.

Je, tofauti hii ina maana gani kwa mgonjwa? Ina maana kubwa sana. Natamisini, matone yanayotegemewa dhidi ya kuvu na ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017, hufanya kazi kwa kushika aina ya mafuta iliyo katika ngozi ya kuvu, iitwayo ergosteroli. Pythium hana mafuta hayo ya kutosha. Mgonjwa hutiwa dawa kila saa, mchana na usiku, na kidonda kinazidi kutambaa.

Ndiyo maana vipimo ni lazima. Daktari hutia ganzi, akakwangua kidonda kidogo, na kupeleka ukwanguo huo maabara. Rangi ya iodini pamoja na asidi ya salfa hugeuza nyuzi za Pythium kuwa samawati, kwa kuwa ukuta wake una selulosi kama wa mimea. Nyuzi za kuvu hazigeuki hivyo. Maabara kubwa huweza kupima vinasaba. Ikiwa dawa ya kuvu imetumiwa ipasavyo kwa wiki moja hivi bila nafuu, afadhali jicho likwanguliwe tena kuliko kuongeza chupa nyingine ya dawa ile ile.

Akithibitishwa, Pythium hutibiwa kwa dawa za bakteria, jambo linaloweza kumshangaza msomaji: matone ya linezolidi na azithromaisini. Hata hivyo wagonjwa wengi huishia kubadilishiwa konea, na ugonjwa huweza kurudi. Hapa nchini, konea za kupandikiza ni chache kuliko wanaozihitaji.

Onyo moja halina budi kutolewa kwa mkazo. Yale matone yenye steroidi, yauzwayo madukani kwa jicho jekundu, yasiguswe pakiwa na doa jeupe. Huondoa wekundu na uchungu, mgonjwa akafurahi, huku kuvu akila konea bila kipingamizi.

Aliye na ndugu mashambani amwambie aende kwenye kitengo cha macho, kwa mfano katika Hospitali ya Tenwek huko Bomet, siku ile ile doa linapoonekana, na abebe kila chupa aliyokwisha kuitumia, hata ile ya mitishamba.