Je, Wajua? Chuma cha Nyumbani na Chuma cha Jimu

Je, wajua kwamba dumu la lita 20 lililojaa maji lina karibu uzito ule ule wa chuma cha Olimpiki kabla hakijavishwa sahani hata moja? Lita moja ya maji ni kilo moja, na chuma wanachonyanyua wanaume katika mashindano ya kimataifa kina kilo 20 kamili na urefu wa mita 2.2. Cha wanawake kina kilo 15. Kwa hiyo binti anayerudi kutoka bombani na dumu limejaa ameshabeba kilo 5 zaidi ya chuma kitupu cha bingwa wa dunia, tena kwa mkono mmoja, na kile kishikio cha plastiki kinamkata vidole.

Vijana wengi wa mitaani wameanza tizi kwa vyuma vya saruji, na kuvitengeneza ni ufundi wa aina yake. Hutafutwa makopo mawili ya rangi yanayolingana na kipande cha bomba la maji. Zege humwagwa kwenye kopo la kwanza, bomba likasimamishwa katikati na kufungwa kamba lisije likalala upande. Kesho yake, zege likishashika, kazi nzima hugeuzwa juu chini na kopo la pili hujazwa. Mafundi hasa huchomelea vipande vya nondo kwenye ncha za bomba ili zege lisizunguke wala kuchomoka. Lita moja ya zege ina kama kilo 2.4, basi kopo la lita 4 linatoa kilo 9 na nusu hivi, na yote mawili pamoja na bomba yanavuka kilo 20. Kama fundi alizidisha kokoto upande mmoja, bega lako moja litakwambia.

Kasoro ya chuma cha saruji ni kwamba hakikui. Wagiriki wa kale walisimulia habari za Milo wa Croton, mwanamieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyekuwa akibeba ndama mabegani kila siku mpaka ndama akawa fahali. Iwe kweli isiwe kweli, hadithi hiyo imebeba kanuni ambayo hakuna mwalimu wa mazoezi anayeipinga: mzigo uongezeke kidogo kidogo, mwili upate sababu ya kujenga. Jimu imelirahisisha jambo hilo kwa visahani vya kilo 1.25, kimoja kila upande. Nyumbani inabidi utumie akili.

Akili hiyo ipo, na imepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya pushapu walivyovipata kwa kuwaweka watu juu ya vibao vinavyosoma uzito. Pushapu ya kawaida inaiwekea mikono asilimia 64 ya uzito wa mwili. Ukiegemea magoti, inashuka hadi 49. Ukiweka viganja juu ya kitu chenye kimo cha sentimita 60 hivi, kama ukingo wa kitanda kirefu, unabaki na 41. Ukipandisha miguu juu ya kimo hicho hicho na viganja vikabaki chini, unafika 74. Mtu wa kilo 70 anaweza basi kwenda kutoka kilo 29 hadi kilo 52 kwa kuhamisha kiti tu, bila kununua chochote.

Lakini pushapu zitakupa kifua kama cha mtu wa jimu? Watafiti wa Japani waliuliza swali hilo na kutoa majibu mwaka 2017. Kundi moja lililala kwenye benchi na kusukuma chuma chepesi, kundi jingine likapiga pushapu za mzigo unaokaribiana na huo, mara 2 kwa wiki kwa wiki 8. Misuli ya kifua na ya nyuma ya mkono ilinenepa karibu sawa kwa makundi yote mawili.

Je, wajua pia kwamba mzigo mwepesi unaweza kujenga msuli mkubwa kama mzigo mzito? Hili liliwashangaza hata wenye taaluma. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, utafiti uliotoka mwaka 2012 uliwapa vijana wa kiume kazi ya kunyoosha goti kwa mashine kwa wiki 10. Baadhi ya miguu ilipewa asilimia 80 ya uzito mkubwa kabisa ambao mtu angeweza kuuinua mara moja, mingine ikapewa asilimia 30 tu. Sharti lilikuwa moja: endelea mpaka mguu ugome. Misuli ilikua kwa kiasi kinachokaribiana. Tofauti ilijitokeza walipoambiwa wainue uzito mkubwa mara moja: hapo miguu ya mzigo mzito ilikuwa imepiga hatua zaidi. Yaani ukitaka misuli, mzigo mwepesi unatosha ilimradi usijihurumie. Ukitaka kuinua kizito, huna budi kuzoea vizito.

Na ndipo penye haki ya jimu, kwa maoni yangu: miguu na mgongo. Kifua na mikono vinafundishika sakafuni. Miguu imebeba mwili mzima tangu ulipoacha kutambaa, kwa hiyo kuchuchumaa na kusimama bila mzigo ni kazi inayoizoea upesi sana. Baada ya miezi michache kijana mzima atachuchumaa mara 80 akiwaza mambo mengine. Ukifika hatua hiyo, ama ujifunze kuchuchumaa kwa mguu mmoja, ama utafute chuma. Mgongo nao una tatizo la kinyume. Kujivuta kwenye tawi la mwembe ni kuinua karibu mwili wote, na anayeanza hawezi hata mara moja. Mashine ya kuvuta ya jimu inamwanzishia kwenye kilo 20 bila aibu. (Kwa anayejitegemea kuna njia: panda juu ya stuli, shika tawi, kisha jishushe taratibu. Msuli unaporefuka huku umebana huwa na nguvu zaidi kuliko unapovuta, ndiyo maana karibu kila mtu anaweza kujishusha hata kama hawezi kujipandisha.)

Tahadhari moja kwa wanaojilaza peke yao chini ya chuma chumbani: usizibane sahani kwenye ncha. Chuma kikikulemea kifuani na hakuna wa kukushikia, unakiinamisha upande mmoja sahani zikadondoka. Sakafu itaumia, lakini shingo itapona.

Wapo wanaosema akina mama wanaobeba ndoo kichwani hawahitaji mazoezi, tizi wameshapata njiani. Jambo hili si rahisi hivyo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kiluo na Kikikuyu. Walipimwa oksijeni wanayotumia wakitembea na mizigo, Waluo wakiibeba kichwani na Wakikuyu kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, na ikaonekana wanaweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati ya ziada yoyote. Mwanamke wa kilo 60 anatembea na kilo 12 kana kwamba hana kitu. Tafiti zilizofuata zilieleza kwamba mwendo wao unapunguza nishati inayopotea kila hatua, kwa namna ambayo watu wasiozoea hawaiwezi. Mwili uliozoea kazi hutafuta njia ya kuikwepa gharama yake. Mazoezi ya nguvu yanafanya kinyume: yanaitafuta gharama kwa makusudi.

Je, wajua kwamba biashara ya mazoezi ya nyumbani ilikuwa inasafiri kwa posta zaidi ya miaka mia moja iliyopita? Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg mwaka 1867, alipata umaarufu London kwa mwili uliofananishwa na sanamu za Kigiriki. Mwaka 1897 alifungua chuo chake cha mazoezi jijini humo, lakini aliuza pia vitabu, jarida na dambeli zenye springi katikati ya mshikio, ili karani aliyechoka aweze kujijenga kando ya kitanda chake. Mwaka 1901 aliandaa shindano la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Waamuzi walikuwa watatu: Sandow mwenyewe, mchonga sanamu Charles Lawes, na daktari mmoja mwandishi, Arthur Conan Doyle, yule aliyemtunga Sherlock Holmes. Sanamu wanayokabidhiwa mpaka leo washindi wa Mr. Olympia ni umbo la Sandow.

Aliyefuata alikwenda mbali zaidi: aliuza mazoezi bila kuuza chuma. Angelo Siciliano alizaliwa Italia mwaka 1892 na kuhamia Brooklyn akiwa mtoto. Akajiita Charles Atlas, na mtindo wake ulikuwa kusukumanisha kiganja na kiganja, msuli dhidi ya msuli. Matangazo yake yalijaa nyuma ya vitabu vya katuni vya Marekani: kijana mwembamba anarushiwa mchanga ufukweni na baunsa mbele ya mchumba wake, anakwenda nyumbani kwa hasira, anajifunza kwa barua, anarudi kulipa kisasi. Biashara ilidumu vizazi na vizazi. Aibu ya kijana ilikuwa mtaji mzuri kuliko chuma.

Upande wa jimu, Jack LaLanne alifungua yake Oakland, California, mwaka 1936, wakati madaktari walikuwa wakionya kwamba kunyanyua vyuma kungewaletea watu maradhi ya moyo. Umaarufu wake, hata hivyo, ulitoka sebuleni mwa watu: kuanzia mwaka 1951 hadi 1985 alifundisha kwenye televisheni, na kifaa chake kikuu kilikuwa kiti cha kawaida. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 96.

Mashine ya kukimbilia ndiyo yenye wasifu mbaya kuliko vifaa vyote. Mwaka 1818 mhandisi Mwingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vidato ambalo wafungwa walilipanda kwa saa nyingi bila kufika popote. Kwingine lilisaga nafaka au kuvuta maji, kwingine halikufanya lolote. Mwandishi Oscar Wilde ni miongoni mwa walioadhibiwa nalo, na Uingereza iliiondoa adhabu hiyo kwa sheria ya mwaka 1898. Miaka 70 baadaye mhandisi wa Marekani, William Staub, alisoma kitabu cha Daktari Kenneth Cooper kuhusu mazoezi ya moyo na mapafu, kilichotoka mwaka 1968, akatengeneza mashine ya bei nafuu ya kukimbilia nyumbani. Leo watu hulipa ada na kupanga foleni kuipanda.

Kuhusu ada, wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa rekodi za wanachama 7,752 wa jimu tatu za Marekani. Waliochagua mkataba wa mwezi, unaozidi dola 70, walikwenda wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi. Kila ziara iligharimu zaidi ya dola 17, na hali jimu hizo hizo zilikuwa zinauza kadi ya ziara 10 kwa dola 10 kila ziara. Tena walipoacha kwenda, ilipita wastani wa zaidi ya miezi miwili kabla hawajafuta mkataba. Jimu nyingi za mitaani kwetu zinapokea malipo ya siku, kwa hiyo mvivu wa Afrika Mashariki anaumia kidogo kuliko mwenzake wa Marekani. Kama hujajijua, lipa kwa siku kwanza.

Kitu ambacho pesa ya jimu inanunua kweli ni watu. Mwaka 1898 Norman Triplett wa Chuo Kikuu cha Indiana alitazama rekodi za mashindano ya baiskeli na kugundua kwamba waendeshaji huwa na kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakishindana na saa peke yao. Akawapa watoto kazi ya kuzungusha rili za kuvulia samaki, mmoja mmoja na wawili wawili. Wengi waliongeza kasi wakiwa na mwenzao, ila wapo waliopaparika wakaharibu. Makundi yote mawili utayakuta kwenye jimu yoyote saa 12 jioni.

Na ukosefu wa kocha? Mkenya Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kwenye YouTube, kabla ya kupata nafasi ya kufundishwa Finland. Mwaka 2015 jijini Beijing alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia.

Mambo mengine kwa haraka. Maumivu ya siku mbili baada ya tizi hayaletwi na asidi iliyoganda kwenye misuli, kwani hiyo huondoka ndani ya saa moja au mbili. Ni mikwaruzo midogo ndani ya nyuzi za msuli. Wiki za mwanzo unapata nguvu kabla msuli haujanenepa, kwa sababu neva ndizo zinazojifunza kwanza. Na ukifundisha mkono mmoja, mwingine nao hupata nguvu kidogo: hili lilipimwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1894, na leo linawafaa watu waliofungwa plasta.

Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha habari za wazee dhaifu 10 wa makao ya kulelea wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90. Waliwapa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Kwa tisa waliobaki, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea fimbo. Kisha mazoezi yakasimamishwa. Baada ya wiki 4 walipimwa tena, na asilimia 32 ya nguvu hizo zilikuwa zimeshapotea.