Msasi wa Paje Achukue Nini Maweni?

Mtu wa mjini akisikia habari za usasi, moyo wake huenda kwanza kwenye bunduki. Mtu wa Paje huulizia viatu. Yeye aijua nchi yake: nyuma ya mchanga mweupe na minazi ya pwani huanza maweni, nchi ya matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, yenye ncha kali kama vigae vya chupa, na udongo wake ni haba, hupatikana mashimoni tu. Maweni hayo yaenea toka Bwejuu upande wa kaskazini hata Jambiani na Makunduchi upande wa kusini, na kuingia ndani kuelekea Kitogani. Hapana mto wala kijito. Mvua inyeshapo, maji huzama mara moja mwambani, yakaonekana tena mapangoni na visimani. Juu ya mawe hayo pameota kichaka kizito cha miti mifupi na miiba, hata mwenzako aliye hatua kumi mbele humwoni.

Katika kichaka hicho wasasi wa kusini mwa Unguja wameingia tangu zamani za mababu, kwa haja mbili. Ya kwanza ni nyama ya paa. Ya pili ni kulinda mashamba. Maana nguruwe mwitu akiingia usiku katika shamba la muhogo huchimbua kwa pua yake, akala kidogo na kuharibu kingi. Na mama aliyepanda kwa jembe la mkono, akipenya baina ya mawe, huamka akakuta chakula cha miezi kimefukuliwa.

Wako vijana wa nyumba zetu, na walimu pia, waendao maweni pamoja na jirani zao. Basi yafaa wajue achukuacho msasi mwenye akili, na sababu yake. Na juu ya kila chombo tuulize neno moja: Je, chombo hiki chamwachia mtu nafasi ya kuchagua, au chachagua badala yake? Mbele tutaona kwa nini swali hili ni kubwa.

1. Miguu. Ndala na makubadhi hayafai kabisa. Hukatika, na mguu huteleza ndani yake. Wazee wengi walivaa katambuga zilizokatwa katika mpira wa gurudumu la gari, na mawe hayakuzitoboa. Walakini katambuga huacha kifundo wazi, na katika maweni yako mashimo yaliyofunikwa na majani makavu, ambayo mguu ukiingia huvunjika. Kiatu kilicho bora ni buti la ngozi au la turubai nene, lenye soli ngumu na kamba za kufunga juu ya kifundo. Suruali iwe ndefu, ya kitambaa kizito. Mithali yasema kwamba msasi haogopi miiba; lakini msasi aliyechomwa hata akachechemea hafiki kwa wakati, na asiyefika kwa wakati hachagui neno lo lote.

2. Maji na chakula. Kwa kuwa hapana kijito, kila mtu achukue maji yake, wala asitumaini pango ambalo hakulijaribu. Maji ya mapango mengine yana chumvi. Zamani walichukua kibuyu, leo wachukua chupa au dumu dogo. Lita tatu kwa mtu mmoja kwa siku ya jua si nyingi, na mbwa wahesabiwe pia. Chakula kiwe chepesi, kisichochacha: muhogo wa kuchoma, tende, kipande cha nazi, au pweza mkavu ambaye kina mama wa pwani hii wajua sana kumtengeneza. Usichukue sufuria. Mzigo ukizidi, mtu huchoka mapema, na uchovu huharibu shabaha na hukumu pia.

3. Panga, kisu na mkuki. Panga ni la njia. Liwe fupi kidogo, kwa kuwa kichakani hapana nafasi ya kulitupa mkono wote. Kisu ni cha kuchinjia na cha kukatia kamba. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi wa Paje, hawali mnyama ila aliyechinjwa ipasavyo, basi kisu butu ni hasara kwao na mateso kwa mnyama. Kinolewe nyumbani, kitiwe alani, kisichukuliwe mkononi katika mbio. Mkuki ni wa nguruwe. Jamii hii ya nguruwe hufikia kilo 60 na kupita, na dume akibanwa hugeuka na kukata mbwa au mtu kwa meno yake. Kwa hiyo mti wa mkuki uwe mgumu, usio na fundo bovu, na urefu wake uzidi kimo cha mwenye nao kwa kidogo tu, usije ukanasa matawini.

Tena wachukue mfuko au gunia mbali kwa nyama ya nguruwe. Wakristo wengine huila, jirani zao hawaigusi. Basi si adabu kuibeba katika kikapu cha jirani, wala kuikata kwa kisu chake. Na waila nyama hiyo waipike mpaka iive kabisa hata mifupani, kwa sababu nyama ya nguruwe mwitu yaweza kuwa na minyoo impatiayo mtu maradhi makubwa.

4. Mbwa. Wahenga husema, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Katika kichaka kisichopenyeka kwa macho, pua ya mbwa ndiyo taa ya msasi. Lakini mbwa afaaye si yule aliye mkali tu. Afaa yule anayerudi akiitwa, na kusimama akikemewa. Mbwa asiyesikia humrarua mnyama kabla bwana wake hajafika. Hapo nafasi ya kuchagua imekwisha. Mbwa wachanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo. Maana kichaa hicho kikiisha kujitokeza, hakiponyeki. Kwa hiyo kipande cha sabuni na kitambaa safi ni vyombo vya msasi pia. Na aumwaye na nyoka asichanjwe kwa wembe wala asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe upesi Makunduchi au Mnazi Mmoja.

5. Wavu na tanzi. Hapa ndipo penye shina la maneno yetu.

Desturi ya kale ni kutandaza nyavu kichakani, watu wakakaa karibu nazo, na wenzao pamoja na mbwa wakamswaga mnyama toka upande wa pili. Kamba njema ya kufungia twaijua sote. Pwani ya mashariki kina mama hufukia makumbi ya nazi mchangani penye maji ya bahari kwa miezi mingi, kisha huyaponda, wakapata usumba, wakasokota kamba isiyooza upesi kwa maji. Wavuvi wa Paje nao wajua ya kuwa tundu la wavu ndilo liamualo nani atoke na nani abaki. Ni vivyo hivyo maweni. Wavu wa kamba nene na matundu mapana hufaa kwa nguruwe, na paa mdogo aweza kupenya. Wavu wa matundu madogo hushika wote.

Na hao wote ni akina nani? Katika maweni ya kusini mwa Unguja wako paa wa namna mbili wanaopasa kujulikana. Wa kwanza ni yule aitwaye paa tu, mdogo sana, wa kilo 5 hivi, rangi ya hudhurungi. Wa pili ni paa nunga, mkubwa zaidi, wa kilo 7 hata 12, mwekundu, mwenye mshipi mweupe matakoni na madoadoa meupe miguuni. Jina lake la kitaalamu lilitolewa mwaka 1918, nalo lamkumbusha Dr. W. Mansfield-Aders aliyefanya kazi ya serikali Unguja. Ulimwenguni mwote paa nunga hujulikana hasa katika kisiwa hiki na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke na Boni. Hapa Unguja wamepungua sana kwa kukatwa misitu na kwa usasi, hata wengine walihamishwa wakapelekwa visiwa vya Chumbe na Mnemba ili wapate salama. Sheria yamlinda.

Sasa angalia tofauti ya vyombo. Wavu uliokaliwa na mtu humshika mnyama akiwa hai. Mtu akikimbia na kuona mshipi mweupe matakoni, aweza kuwazuia mbwa, kukata kamba, na kumwacha paa nunga aende zake. Tanzi la waya halina macho. Hutegwa leo, na mwenye nalo labda harudi ila kesho kutwa. Humnyonga nunga, humnyonga jike mwenye mimba, humkata mguu mbwa wa jirani. Na likisahauliwa huendelea kuua, wala hapana alaye. Waya ni rahisi kununua na mwepesi kubeba, ndiyo sababu wengi waupenda. Lakini wepesi wake ndio hatari yake.

Hata hivyo tusiutukuze wavu kupita kiasi. Makundi makubwa yenye nyavu nyingi na mbwa wengi yalipopita mahali pamoja mara kwa mara, yalifagia kichaka kama mfagio. Ndiyo maana vijiji kadhaa vya kusini vimekuwa na kamati za uhifadhi na kanuni zao, juu ya sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996. Kwa hiyo chombo cha kwanza, kabla ya buti na kabla ya kisu, ni ruhusa. Msasi aende kwa sheha na kwa kamati, aulize ni wakati gani, mahali gani na mnyama gani. Na Jozani, iliyotangazwa pamoja na Ghuba ya Chwaka kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, si mahali pa usasi.

6. Bunduki na tochi. Wasasi wa nchi nyingine walikuwa na vyombo vya ajabu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwaka 1909, alileta tani nne za chumvi kwa kuhifadhi ngozi, na maktaba ya vitabu zaidi ya hamsini vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, na wapagazi wengi sana wa kuvichukua. Mskochi W. D. M. Bell yeye aliendea njia nyingine. Alipenda bunduki ndogo, akapasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue hasa ubongo ulipo. Kwa maarifa hayo aliua tembo zaidi ya 1,000; sifa hiyo hapana aitamaniye leo, na Kenya ilipiga marufuku usasi wa namna hiyo mwaka 1977. Lakini funzo moja labaki: kilichomfanya hodari si ukubwa wa bunduki, ni kujua alengalo.

Maweni ya Paje bunduki ina taabu mbili. Kichaka hakionyeshi mtu aliye nyuma yake, na risasi ikipiga mwamba huruka upande usiojulikana. Na waendao usiku na tochi huona macho mawili yakimeta tu. Macho hayo hayasemi kama ni paa au ni nunga, dume au jike anyonyeshaye. Kwa hiyo tochi iwe ya kurudia nyumbani, isiwe ya kuulia.

7. Vya kuacha nyumbani. Acha waya. Acha mbwa asiyesikia. Acha mashindano ya kuhesabu vichwa. Yupo mnyama wa Unguja atufundishaye juu ya mashindano hayo. Chui wa kisiwa hiki alipewa jina la kitaalamu mwaka 1932. Aliwindwa sana, na hasa baada ya mwaka 1964, kwa kuogopwa na kudhaniwa kuwa hufugwa na wachawi. Leo wataalamu wengi wahesabu kwamba amekwisha. Mtoto wa Paje amjua kwa hadithi za babu yake, na kwa ngozi iliyowekwa makumbusho.

Ninyi walimu, mwaweza kusaidia bila kushika mkuki. Chora ubaoni paa na nunga, onyesha mshipi mweupe, uwafundishe watoto kuwatenganisha. Maana mtoto wa leo ndiye atakayekaa kando ya wavu kesho. Na ninyi wazazi, kijana akiomba fedha ya kununua waya, mpeni ya kununua viatu.

Msasi aliyejiandaa hivi, akiwa na buti miguuni, maji begani, kisu kikali na mbwa mtii, aweza kurudi jioni na nguruwe mmoja aliyekuwa akila muhogo wa kijiji, na nunga aliyemwachilia akaishi. Hapo shamba limepona, na maweni hayakupungukiwa.