Wavaa miwani, jihadharini mnunuapo darubini

"BABU, umemwona kifaru?" wajukuu waliuliza kwa kelele, Jumamosi moja tulipozuru Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Baba yangu, ambaye amevaa miwani kwa zaidi ya miaka thelathini, aliishikilia darubini machoni kwa muda, kisha akajibu kwa upole: "Nimemwona."

Jioni tukinywa chai alinifichulia siri. Hakuona kifaru wala mkia wake. Aliona duara dogo la mwanga katikati ya giza, kama mtu anayechungulia katika tundu la ufunguo. Alidanganya ili asiwavunje watoto moyo.

Kosa halikuwa la macho yake. Lilikuwa langu mimi niliyeinunua darubini hiyo kwa kuvutiwa na bei yake. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Tangu Kenya ipige marufuku uwindaji mwaka wa 1977, darubini imebaki kuwa chombo cha watazamaji wa wanyama na ndege, na nchi hii ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Je, mwenye miwani azingatie nini kabla ya kutoa pesa zake?

La kwanza na muhimu kabisa ni nafasi ya jicho. Picha ya darubini hutokea nyuma kidogo ya kioo cha kutazamia, na jicho sharti liwe hapo ndipo liione yote. Miwani hulizuia jicho kusogea karibu. Iwapo nafasi hiyo ni milimita 10 pekee, mvaa miwani ataona sehemu ya katikati tu. Tafuta darubini yenye nafasi ya milimita 15 au zaidi. Kama vioo vyako ni vinene, 17 au 18 ni bora. Kwa kawaida kipimo hiki huandikwa katika kijitabu cha maelezo, kwa hivyo mwambie mwenye duka akuonyeshe.

Pili, kagua mipira inayozunguka vioo vya machoni. Asiyevaa miwani huiinua, lakini wewe unapaswa kuishusha au kuikunja kabisa. Ikiwa haishuki, au ni migumu kiasi cha kukwaruza miwani yako, achana nayo.

Tatu, elewa nambari. Darubini ya 8x42 hukuza mara nane, na vioo vyake vya mbele vina upana wa milimita 42. Usitamani inayokuza mara 12 ukidhani umepata faida. Kadiri inavyokuza ndivyo picha inavyotetemeka mikononi, na eneo linaloonekana hupungua. Aidha, ile ndogo ya mfukoni ya 8x21 huingiza mwanga haba, na alfajiri simba atafanana na kichaka.

Wengine huuliza kama si afadhali kuvua miwani. Mtu ambaye shida yake ni kutoona mbali au karibu tu anaweza, kwani gurudumu la katikati hurekebisha picha, na pete iliyo kwenye jicho moja, aghalabu la kulia, husawazisha macho mawili. Lakini yule ambaye jicho lake halikupinda sawasawa, akaandikiwa miwani kwa sababu hiyo, hatasaidiwa na gurudumu hilo. Isitoshe, wakati unavua na kuvaa, ndege ameshatoroka.

Dukani, nenda na miwani unayovaa kila siku. Omba ruhusa usimame mlangoni, utazame kibao cha mbali barabarani. Unapaswa kuona duara moja zima, lenye ukingo safi pande zote. Ukiona weusi pembeni, au ukilazimika kuigandamiza miwani puani ndipo uone, rudisha darubini hiyo hata kama imepunguzwa bei.

Ya kwetu tulimpa binamu asiyevaa miwani, naye anaifurahia. Baba alijichagulia nyingine mwenyewe, akisimama mlangoni mwa duka karibu nusu saa nzima huku muuzaji akiguna.

Tuliporudi mbugani, yeye ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Tazameni, yule pundamilia ana mtoto!" Wajukuu walikodoa macho nyikani, wasione kitu. Ikawa zamu yao kumwomba babu darubini.