Mwezi Unakoma, Kikwembe Kinabana: Mama Mkulima Afanye Nini?



Katika kila koperative kuna wamama wa miaka 45 na kupita. Ndio wanaojua mbegu, ndio wanaoshika kasha ya feza, ndio wa kwanza kufika shambani. Na wengi wao wanaleta neno moja: chakula ni kile kile, kazi ni ile ile, lakini kikwembe cha mwaka jana hakizunguki tena kiunoni.

Jirani anacheka: "Eh mama, unanona! Franka iko!" Bwana nyumbani anawaza ni uvivu. Mama mwenyewe anaogopa kama iko ugonjwa. Mara nyingi si feza, si uvivu. Tuzungumze basi bila haya, na wababa nao wasome.

Kinachotendeka ndani ya mwili

Mwanamke akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona mwezi, na si kwa sababu ya mimba, kunyonyesha au dawa, hedhi imekoma. Wanganga wanaita menopoze. Kwa wengi inafika kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo mwezi unaruka-ruka, na mimba ingali inaweza kuingia. Kwa hiyo mama wa miaka 44 anayeona tumbo linakua na mwezi umekatika, apimwe mimba kwanza.

Mambo mawili yanaenda pamoja. La kwanza ni umri: nyama za mikono na miguu, zile zinazofanya kazi, zinapungua. Nyama hizo ndizo zinazokula nguvu nyingi za chakula. Zikipungua, mwili unahitaji chakula kidogo zaidi, na kinachobaki kinageuka mafuta. La pili ni homoni ya kike, estrojeni, inayoshuka. Hapo mafuta yaliyokuwa yanakaa kwenye mapaja na matako yanahamia tumboni. Mafuta ya tumbo ndiyo yanayoita tansio na ugonjwa wa sukari. Tena mifupa inaanza kuwa dhaifu, na joto la ghafla la usiku linaharibu usingizi. Mtu asiyelala vizuri anasikia njaa zaidi.

Kiangazi ndicho kina mtego

Mvua ikinyesha, kuanzia Novemba mpaka Aprili, jembe linafanya kazi yake. Lakini mahindi yakishavunwa na kuingia ghalani, kazi inapungua na mulima wa bukari unabaki ule ule. Na mama aliyeacha shamba ili auze sokoni anakaa kwenye kiti mwaka mzima.

Shirika la Afya Duniani linaomba mtu mzima afanye angalau dakika 150 za kazi ya kutoa jasho kidogo kila juma. Ni nusu saa, siku tano. Linaomba pia kazi ya kutumia nguvu za misuli siku mbili au zaidi. Bustani ya kiangazi kandokando ya mto inatimiza yote mawili: kutengeneza matuta, kuchota maji na kunyunyiza. Na mboga inapatikana wakati bei yake iko juu.

Sahani ya mama

Hatusemi mtu aache bukari. Tunasema apunguze matonge mawili matatu, na nafasi yake aijaze na lengalenga, matembele au sombe. Unga usiokobolewa, wenye makapi yake, unashibisha kwa muda mrefu kuliko ule mweupe sana.

Kila chakula kiwe na kitu cha kulinda nyama za mwili: maharagwe, soya, yai au samaki. Dagaa wadogo wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia pia mifupa yetu.

Mafuta tuyapime. Kijiko kimoja kikubwa, cha mawese au cha mafuta ya chupa, kina kalori karibu 120. Kumimina kutoka kwenye chupa bila kuangalia ndiko kunakotupoteza. Kalanga ni chakula kizuri, lakini kiganja kimoja kinatosha. Chupa ya sukre ya santilita 33 mara nyingi ina gramu 30 za sukari na kupita. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja, pamoja na ile iliyo ndani ya makayabo. Makayabo tuyalaze ndani ya maji usiku kucha, na maji yale tuyamwage.

Kamba na baskile

Chukua kamba, pima urefu wako toka kisigino mpaka kichwani, ukate. Ikunje mara mbili, kisha izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana bila kuvuta, ni vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumbo yamezidi. Baskile ya kupimia mifuko ya mahindi inaweza pia kutupima sisi, mara moja kwa mwezi, kila mtu akiandika kiloo zake katika daftari lake.

Tusidanganywe

Majani ya kuharisha na dawa za kusafisha tumbo hazitoi mafuta. Zinatoa maji tu, na kiloo zinarudi. Upande mwingine, kuna vidonge vinavyouzwa sokoni kwa wanaotaka kunenepa. Dexamethasone ni mojawapo. Kinapandisha sukari na tansio, na kinadhoofisha mifupa. Kwa mama ambaye hedhi imekoma, ni kuongeza mzigo juu ya mzigo. Lakini kama mama amekuwa akikitumia kwa muda mrefu, asikiache kwa siku moja. Amwone munganga, akipunguze polepole.

Usingoje, nenda kituo cha afya

— Damu ikitoka tena baada ya hedhi kukoma, hata matone. Inaweza kuwa dalili ya kansa, na kansa ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi.
— Ukikonda bila kutaka. Inaweza kuwa sukari, kifua kikuu au ugonjwa mwingine.
— Kiu nyingi na kukojoa kila mara.
— Tansio ikifika 140 kwa 90 au kupita. Ipimwe hata kama husikii maumivu.

Kazi ya koperative

Tunapendekeza mambo matatu kwa kiangazi kinachokuja. Komite itenge kipande cha ardhi karibu na maji kwa bustani ya pamoja. Imwombe munganga wa kituo cha karibu aje na mashine ya tansio siku ya mkutano. Na wababa washike ndoo za kunyunyiza pamoja na wamama, maana tumbo la baba nalo linapimwa na kamba ile ile.

Mama aliyetulisha miaka 30 bado ana miaka mingi ya kulima. Tumsaidie aifikie akiwa na nguvu zake.