Kamina: Jiwe la bluu likiwa kubwa, bei haifuati mizani

KAMINA – Reli inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa. Tawi moja linaelekea Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo. Lingine linapanda Kabongo na Kabalo, hadi Kalemie na Kindu. Kwa hiyo mji huu mkuu wa Haut-Lomami umezoea kuona mizigo ya kila aina, na pia habari za mawe: kasiteriti ya Malemba-Nkulu, shaba na kobalti ya Kolwezi, almasi ya Mbuji-Mayi.

Katika madini mengi hayo, hesabu ni ya mizani. Mwenye magunia mengi ana pesa nyingi. Lakini yakuti samawi, lile jiwe la bluu ambalo Wafaransa huliita saphir na ambalo wasomaji wa Biblia wanalikuta katika Ufunuo kama msingi wa pili wa Yerusalemu mpya, halifuati hesabu hiyo. Anayeokota jiwe kubwa la bluu na kukimbilia mizani anaweza kujidanganya, au kudanganywa.

Mfano upo wazi kwenye minada. Mwezi Novemba 2014, mjini Geneva, nyumba ya mnada ya Christie's iliuza yakuti iitwayo Blue Belle of Asia, iliyopatikana Sri Lanka mwaka 1926. Ina karati 392.52. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo jiwe hilo halifikii hata gramu 80. Liliuzwa karibu dola milioni 17.3, yaani kama dola 44,000 kwa karati.

Mwaka uliofuata, mjini Hong Kong, Sotheby's waliuza yakuti ya Kashmir yenye karati 27.68 tu, gramu tano na nusu. Bei yake ilikuwa karibu dola milioni 6.7. Ukigawa, ni zaidi ya dola 240,000 kwa karati, mara tano ya lile jiwe kubwa. Kilicholipiwa hapo ni rangi, na asili yake: mgodi wa Kashmir ulitoa mawe yake bora kwa miaka michache tu, kati ya 1881 na 1887.

Na upande wa pili wa mizani kuna habari iliyozunguka dunia nzima Julai 2021. Huko Ratnapura, Sri Lanka, mafundi waliokuwa wanachimba kisima nyumbani kwa mfanyabiashara wa vito walikuta bonge la yakuti lenye kilo 510. Walioitangaza walisema linaweza kufikia dola milioni 100. Lakini lile ni rundo la fuwele zilizoshikana, si jiwe moja safi la kukatwa. Kilo 510 za namna hiyo na gramu 80 za Blue Belle hazipimwi kwa kipimo kimoja.

Kwa nini basi jiwe kubwa na safi ni adimu hivyo? Yakuti ni alumini na oksijeni tu, vitu viwili vilivyojaa ardhini. Shida ni silika, ile ya mchanga, ambayo nayo imejaa. Panapokuwa na silika nyingi, alumini hushikana nayo na kuwa madini mengine ya kawaida. Yakuti inazaliwa pale tu silika ilipokuwa kidogo. Halafu lazima chuma na titani viingie ndani kwa kiasi kidogo sana. Hapo ndipo bluu inatokea. Chuma kikizidi, jiwe linakuwa jeusi kama wino.

Hata likishapata rangi, bado lina safari. Fuwele lazima ikue muda mrefu bila ufa, ipandishwe na volkano au ifumuliwe na mvua, kisha isagwe mtoni pamoja na mawe mengine. Zenye ufa zinapasuka njiani. Ikifika kwa fundi wa kukata, nusu ya uzito au zaidi inaweza kubaki kwenye vumbi la meza yake. Kila hatua inapunguza, na wanaoumia zaidi ni wale wakubwa.

Ndiyo maana mawe makubwa yana majina kama watu. Star of India, yenye karati 563 na nyota inayocheza juu yake kwenye mwanga, iliibwa katika jumba la makumbusho mjini New York Oktoba 1964. Betri ya kengele ya kabati lake ilikuwa imekufa. Januari 1965 ilipatikana ndani ya sanduku la kuwekea mizigo kwenye stesheni ya mabasi ya Miami. Jiwe la namna hiyo mwizi anaweza kulibeba, kuliuza ni kazi nyingine.

Karibu na kwetu, yakuti zinajulikana upande wa Cyangugu, Rwanda, ng'ambo ya Bukavu. Nyingi ni za giza, kwa sababu zimetoka katika mawe ya volkano. Tanzania ina Umba na Tunduru. Madagaska, kijiji cha Ilakaka kiligeuka mji baada ya mwaka 1998, na wanunuzi kutoka Thailand na Sri Lanka wakafungua meza zao kando ya barabara.

Katanga yenyewe imejaa mawe ya bluu ambayo si yakuti: azuriti na krizokola, ndugu za shaba. Hayo ni laini, kisu kinayakwaruza. Yakuti kisu hakiiwezi. Katika ugumu inazidiwa na almasi tu miongoni mwa vito vya kawaida. Kioo nacho huwa na viputo ndani. Kinachosumbua zaidi ni yakuti ya kiwandani, kwa sababu ni yakuti kweli. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 namna ya kuyeyusha unga wa oksidi ya alumini na kutengeneza rubi, na ya bluu ikafuata. Kuitambua kunahitaji hadubini na jicho lililozoea.

Almasi ina cheti cha Kimberley tangu 2003. Mawe ya rangi hayana cheti kama hicho, wala orodha ya bei ambayo wote wanaifuata. Nchini Kongo, kazi ya kupima na kukadiria mawe ya thamani ni ya CEEC, na sheria inamtaka mchimbaji awe na kadi yake, na mawe yasafirishwe nje kupitia nyumba za ununuzi zenye kibali, zile zinazoitwa comptoir. Anayelivunja jiwe kwa nyundo ili aone ndani, au kulitia motoni ili ling'ae, anafika huko akiwa amelipunguzia thamani kwa mkono wake.

Ukichukua ile treni ya Mwene-Ditu, umeshika njia ya Mbuji-Mayi. Huko, miaka ya mwanzo ya 1980, msichana mdogo aliokota almasi ya njano yenye karati 890 kwenye rundo la kifusi kilichotupwa na mgodi wa MIBA. Ilipita mkono kwa mkono hadi Ulaya, ikakatwa kuwa karati 407, baadaye ikakatwa tena kuwa 303. Disemba 2022, mjini New York, iliuzwa dola milioni 12.4.