Vioo vya Motokaa na Mahali Pasipoonekana

Barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Webuye hupita Shieywe, mjini Kakamega, na humo matatu, malori na pikipiki za bodaboda hugombea njia moja. Matatu isimamapo kando kuteremsha abiria, kisha dereva akataka kurudi barabarani, uhai wa mwendesha pikipiki ajaye upande wa kulia hutegemea kioo kimoja kidogo.

Madereva wengi huelekeza vioo vya pembeni hata waone ubavu mzima wa gari lao. Jambo hilo huwatuliza moyo, lakini faida yake ni haba, kwa maana ubavu wa gari hauendi popote bila gari lenyewe. Vioo vikiwa hivyo huonyesha tena yale ambayo kioo cha ndani kimekwisha kuyaonyesha, na pembeni hubaki mahali pasipoonekana, ambapo pikipiki nzima pamoja na abiria wake huweza kufichika.

Mwaka 1995 mhandisi wa Marekani, George Platzer, alieleza dawa yake. Kwa gari la usukani wa kulia, kama yalivyo ya Kenya, dereva ainamishe kichwa hata kikaribie dirisha lake, ndipo ageuze kioo cha kulia kuelekea nje mpaka ubavu wa gari uonekane kidogo tu. Kisha ainamie katikati ya gari, afanye vivyo hivyo kwa kioo cha kushoto. Akiketi sawasawa, ubavu hatauona tena. Ataona njia iliyo kando yake. Lakini dawa hii yahitaji kioo cha ndani kinachoona nyuma. Dereva wa lori, au wa matatu iliyojaa watu, hana kioo hicho, basi yampasa auache ubavu uonekane kidogo.

Tena vioo vya pembeni vya magari mengi vimebinuka, ili vionyeshe eneo kubwa zaidi. Kilichomo huonekana kidogo, na jicho la mtu hudhani kidogo ni cha mbali. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anayeidhani iko mbali huingia njiani ikiwa imekwisha kufika. Kwa hiyo, baada ya kioo, hana budi kugeuza kichwa na kutazama kwa macho yake.

Vioo virekebishwe gari likiwa limesimama, tena baada ya kiti, kwani kiti kikisogezwa vyote hupotoka.